Usuli wa Sampu katika Boti za Kasi

Katika viungo vyote vya injini ya boti ya kasi, hakuna kinachotazamwa kwa nadra kuliko sampu, lile bakuli la chuma lililofungwa chini kabisa, karibu na maji ya ngama, ambalo kazi yake ni kuhifadhi oili na kuiweka mahali ambapo pampu itaikuta. Na hata hivyo hakuna kiungo kinachoeleza kwa ufasaha zaidi jinsi injini ya nchi kavu ilivyohamishwa majini, wala kinachomtia hasarani kwa haraka zaidi yule akichaguaye pasi na kujua habari za uhamisho huo.

Habari zenyewe twaweza kuzianzia Algonac, mji mdogo wa jimbo la Michigan huko Marekani, ambako Christopher Columbus Smith, mwunda boti mashuhuri, alinunua injini za ndege za Curtiss OX-5 zenye nguvu za farasi 90, zilizobaki baada ya vita vya 1914 hadi 1918 na kuuzwa kwa bei nafuu. Garfield Wood, aliyeshirikiana naye, alichukua injini mbili za ndege aina ya Liberty, kila moja ikiwa na silinda 12 na ujazo wa lita 27, akazitia katika boti yake Miss America, na mwaka 1920 akaenda Cowes, Uingereza, akalitwaa kombe la Harmsworth; na mwaka 1932 boti yake ya kumi, Miss America X, kwa injini nne za Packard, ilipita mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Injini za ndege zilikuwa na fadhila moja ambayo haikusifiwa sana: waliozibuni walijua tangu awali kwamba mtambo wao utapanda, utashuka na kulala ubavu.

Injini ya gari haikuumbwa kwa dhana hiyo. Mwaka 1955 Chevrolet, chini ya uongozi wa mhandisi Ed Cole, walitoa injini ya V8 ya lita 4.3, nyepesi, rahisi na yenye kupatikana kila mahali. Mwaka 1959 Volvo Penta wakaonyesha Aquamatic, mtambo uliowezesha injini kukaa ndani ya tezi na rafadha kuning'inia nje. Na mwaka 1961 mtengenezaji wa injini za boti, Carl Kiekhaefer, akafuata kwa mtambo wake wa namna hiyo, MerCruiser. Tangu hapo maelfu ya injini za magari yakaingia majini, pamoja na ile kubwa ya Chevrolet iliyoanza mwaka 1965 na kufikia lita 7.4 mwaka 1970. Lakini sampu zao zilikuwa zimekatwa ili zipishane na vyuma vya usukani na mihimili ya gari, zikichukua, pamoja na chujio, lita tano hivi au zaidi kidogo. Sampu ya Chevrolet ilikuwa na kina upande wa nyuma, na kwa bahati njema injini ya boti aghalabu huinamia tezi, kwa hiyo oili ilielekea palepale pampu ilipoingojea. Ilhali baadhi ya injini za Ford, zenye kina upande wa mbele, hazikuwa na bahati hiyo, wala zile za Chevrolet zilizogeuzwa kinyume ili kuendesha rafadha kwa mtambo wa V, ambazo mbele yake ndiyo iliyoelekea nyuma ya boti.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja na mashindano ya bahari kuu. Mwaka 1960 boti Moppie ya Richard Bertram, iliyochorwa na Raymond Hunt kwa umbo la V lililozama sana tangu omo hadi tezi, ilitoka Miami ikafika Nassau kwa muda wa saa nane hivi, katika bahari iliyochafuka. Kuanzia hapo boti ziliweza kuruka juu ya mawimbi badala ya kuyakwepa, na kila mruko ukawa mtihani wa oili: omo inapoinuka, oili hukimbilia nyuma, chombo kinapoanguka, hurushwa juu, na iwapo pampu itanyonya hewa badala ya oili, hata kwa dakika isiyotimia, utando mwembamba unaozitenga beringi na krenkshafti hukatika, na chuma hukutana na chuma. Aidha, gari hupata nafuu kwenye mteremko, bali boti haina mteremko. Maji huikinza daima, na injini hukaa katika mizunguko 4,500 au 5,000 kwa dakika muda mrefu, oili ikichemka bila kupumzika.

Mafundi wa Marekani, wengi wao wakiwa wamepata ujuzi katika mashindano ya magari, walijibu kwa bati na kuchomelea. Walizipanua sampu ubavuni pale ambapo hazikuweza kurefushwa chini. Wakatia ndani kuta na vilango vya bawaba vinavyoruhusu oili kuingia penye mdomo wa pampu na kuizuia isitoke. Wakaweka sahani yenye matundu chini ya krenkshafti, isije ikaipiga oili kuwa povu. Nao ujazo ukafika lita nane, tisa au zaidi. Wenye mashindano makali wakatenga oili katika tangi la kando kabisa.

Basi leo anayechagua sampu na aanze kwa kuuliza injini imeelekea wapi na imeinama kiasi gani, ndipo aulize ujazo. Kisha apime nafasi iliyopo kati ya mihimili ya boti, ahakikishe mwaka wa injini yake, maana injini ndogo ya Chevrolet ilibadilishwa upande wa kijiti cha kupimia mwaka 1980 na sili ya nyuma mwaka 1986, na sampu ya moja haifai kwa nyingine. Aache takriban milimita 10 kati ya mdomo wa pampu na sakafu ya sampu. Aangalie kama chuma chake kitastahimili chumvi, na kama kuna njia ya kuitoa oili, kwa kuwa ndani ya ngama hapawekeki karai. Mwishowe apige alama mpya kwenye kijiti hicho boti ikiwa majini, kwani alama ya zamani ilipigwa kwa injini iliyokaa sawa. Asihadaike na sampu iliyo kubwa kupita zote, kwa maana oili nyingi isiyozuiwa hukimbia kama ile chache. Sampu bora ni ile iliyotengenezwa na mtu aliyekwisha kutambua kwamba uso wa bahari hautulii, naye mnunuzi anao wajibu wa kuyajua hayo kabla ya kutoa fedha yake.