Johannesburg hadi London: Safari Iliyorefushwa na Afrika

Tarehe 2 Mei ina nafasi yake katika historia ya usafiri wa anga. Siku hiyo mwaka 1952, Comet ya shirika la Uingereza la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg, ikawa ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika kabla ya saa 24 kutimia. Miaka 20 kabla yake, ndege za Imperial Airways zilipitia Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, na abiria wa kutoka London kwenda Cape Town alikaa njiani takriban siku 11. Sifa zote hupewa injini. Hata hivyo, safari kati ya London na Johannesburg, ambayo kwa njia iliyonyooka ni kama kilomita 9,000, haikuamuliwa na injini peke yake. Wenye anga nao walikuwa na kauli, na waliitoa mwaka 1963.

Mwezi Mei mwaka huo, wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, wakaazimia kuinyima Afrika Kusini ya makaburu ruhusa ya kupita katika anga zao. Kufikia Agosti, njia ya Shirika la Ndege la Afrika Kusini, SAA, ambalo ndege zake zilizoea kutua Nairobi, ilikuwa imezibwa. Boeing 707 zake zikalazimika kulizunguka bara lote upande wa magharibi, juu ya Atlantiki, zikijaza mafuta Luanda iliyokuwa chini ya Wareno na Las Palmas iliyo chini ya Wahispania. Baadaye kisiwa cha Sal, Cape Verde, kikawa kituo kikuu. Mzunguko huo uliongeza zaidi ya kilomita 1,000, na kila kilomita ililipiwa kwa mafuta, muda na mishahara ya marubani.

Wapo wanaosema marufuku hiyo haikuuma, kwa kuwa ndege za Uingereza ziliendelea kukatiza Afrika na abiria wao, Malawi iliendelea kuipokea SAA, na Cape Verde haikuifunga Sal hata baada ya uhuru wa 1975. Yote ni kweli. Lakini shirika lisiloumia halinunui ndege maalumu: mwaka 1976 SAA ilianza kupokea Boeing 747SP, zenye uwezo wa kuruka mbali sana, ili ziweze kuzunguka bara bila kutegemea kituo cha mtu. Wala nchi zilizofunga anga hazikufanya hivyo bure, maana zilikosa ada za kutua na kupita zilipokuwa bado changa. Marufuku ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi wa makaburu ulipokuwa unavunjwa.

Vitabu vyetu vya shule vinaisimulia OAU kwa mikutano na hotuba. Wizara za elimu ziweke humo pia ramani ya njia hiyo ndefu, hasa Tanzania, iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU.