Wabenzi na Gari Kuukuu: Historia Fupi ya Motokaa ya Kifahari Kando ya Tanganyika

Ngeli ya watu katika Kiswahili haibagui. Humpokea Mnyamwezi, Mmanyema na Mrundi kwa kiambishi kimoja tu. Katika miaka ya sitini, mara baada ya uhuru, ngeli hiyo ilimpokea mtu mpya asiyekuwa na nchi wala ukoo, naye ni Mbenzi. Wabenzi walikuwa ni wakubwa waliopanda magari ya Mercedes-Benz huku wenzao wakitembea kwa miguu. Neno hilo lilianza kama mzaha wa mitaani, likavuka mipaka, hata likaingia katika vitabu vya Kiingereza vinavyozungumzia siasa za Afrika. Kabila hilo halikuwa na mzee wa ukoo. Lilikuwa na funguo tu.

Juu ya Wabenzi wenyewe mengi yamekwisha kusemwa. Makala haya yanahusu gari lao, hasa likiisha kuwa kuukuu: kwa nini bei yake humvuta mtu wa kipato cha kati, na kwa nini baadhi ya magari hayo huishi miaka arobaini ilhali mengine hufa yakiwa bado yanang'aa. Tutayatazama tukiwa Magara, mji mdogo wa ziwani ulio kwenye barabara kuu ya tatu ya Burundi, kati ya Bujumbura na Rumonge. (Msomaji asiuchanganye na Mugara, penye chemchemi za maji ya moto, karibu na Rumonge.) Huko Kiswahili ni lugha ya soko, ya wavuvi na ya gereji, nayo barabara ndiyo uti wa mgongo wa maisha. Hoja yetu ni kwamba bei halisi ya gari kuukuu la kifahari haitajwi na muuzaji hata siku moja. Huamuliwa na njia inayoleta mafuta na spea. Njia hiyo ikifunga, gari la fahari hugeuka kuwa banda la kuku.

Njia yenyewe ni ya zamani. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliichukua Burundi mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwa mapatano ya mwaka 1921 baina ya Uingereza na Ubelgiji walipewa maeneo yao ya kushushia shehena katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma. Maeneo hayo yakajulikana kwa jina la Belbase. Shehena ya Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, ilisafiri kwa meli hadi Dar es Salaam, kwa reli hadi Kigoma, kisha kwa meli tena juu ya ziwa. Kila nati ya gari ilipita katika mikono ya makuli wa bandari mbili na kituo kimoja cha reli kabla ya kumfikia fundi. Hapo ndipo penye chanzo cha jambo tunalolitafuta: gari lililo umbali huo kutoka kiwandani halina budi kuwa gari linaloweza kusubiri.

Ubelgiji ulileta pia kanuni yake ya barabarani, yaani kushika upande wa kulia, ilhali Tanganyika, Kenya na Uganda zilishika kushoto kwa kufuata Waingereza. Tofauti hiyo ndogo ilikuja kuleta mambo makubwa baadaye, nasi tutairudia.

Uhuru wa Burundi ulipofika, tarehe 1 Julai 1962, magari ya fahari yaliyosifika katika Afrika ya Mashariki na ya Kati yalikuwa ya aina tatu, na kila moja lilikuwa na tabia yake. La kwanza lilikuwa Citroën DS la Ufaransa, lililotolewa kuanzia mwaka 1955 hadi 1975. Hilo halikukaa juu ya springi za kawaida. Lilibebwa na gesi na mafuta yenye shinikizo, na pampu moja ndiyo iliyohudumia kiwiliwili, breki na usukani. Aliyelipanda alijiona yumo ndani ya mtumbwi siku ya shwari. Lakini katika miaka ya sitini kiwanda kilibadilisha mafuta ya mfumo huo, kikaacha yale mekundu, kikaleta ya kijani, na mipira ya aina moja huharibiwa na mafuta ya aina nyingine. Fundi aliyemimina rangi isiyofaa, au aliyekosa zote mbili akatia mafuta ya breki yaliyokuwa mkononi, aliliua gari kwa nia njema kabisa. Asubuhi lilikutwa limelala chini kama ng'ombe aliyeshiba, na halikuinuka tena.

La pili lilikuwa Peugeot, kwanza 404, halafu 504 iliyotoka mwaka 1968. Wanahistoria wa siasa hawalitaji sana kwa sababu halikuwa gari la marais, lakini kwa maoni yetu ndilo lililostahili sifa. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na mbili kati ya safari hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam. 504 nayo ilishinda mwaka 1975 na 1978. Baadaye 504 iliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kuitengeneza, na jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kwa fundi aliyetafuta spea.

La tatu ni Benzi lenyewe. Nalo lilikuwa limejipatia jina katika vumbi kabla ya kujipatia jina katika ikulu, kwani mashindano hayo hayo ya Safari lilikuwa limeyashinda mwaka 1959, 1960 na 1961. Lakini kusema “Benzi” peke yake hakutoshi, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Toleo la W123, lililotengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya themanini, lilitoka kwa idadi inayokaribia milioni 2.7. Lile la dizeli, hasa 240D, halikuwa na plagi za moto wala kabureta, na pampu yake ya kusukuma dizeli ilikuwa ya chuma kitupu isiyohitaji umeme mwingi. Lilikuwa zito na la polepole. Kulipandisha mlima kulihitaji subira. Hata hivyo kuna dereva wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliyeliendesha 240D la toleo lililotangulia hilo, la mwaka 1976, kilomita milioni 4.6, kisha akalikabidhi kwa makumbusho ya kiwanda mwaka 2004. Injini zilibadilishwa mara nyingi njiani, na hiyo ndiyo siri yenyewe: kila kitu kilibadilishika.

Linganisha na magari makubwa ya kiwanda hicho hicho ya mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baadhi yake yalifungwa nyaya za umeme ambazo gamba lake lilikauka na kupukutika kwa joto la injini. Gari zima, ngozi safi, rangi safi, lilizimika barabarani kwa sababu ya unga uliobaki mahali palipokuwa na waya. Mnunuzi wa tatu ndiye aliyeulipia waya huo, kwani wa kwanza alikwisha kuliuza zamani.

Tumekawia kwenye vyuma kwa sababu historia ya siasa ya nchi ilikuja kuvipima vyuma hivyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Burundi mwaka 1993. Tarehe 25 Julai 1996 Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa nguvu, na kabla ya mwezi kwisha nchi jirani zikatangaza vikwazo vya biashara. Vikwazo hivyo vilidumu hadi Januari 1999. Njia ile ya Dar es Salaam na Kigoma, iliyohudumu tangu enzi ya Belbase, ikafungwa rasmi. Petroli ikawa bidhaa ya magendo, ikivushwa kwa madumu, na ziwa lililokuwa likileta migebuka na ndagala likaleta pia mafuta ya magari. Mafuta ya namna hiyo mara nyingi huwa yamechanganywa na maji au mafuta ya taa. Injini kuukuu ya dizeli huyavumilia kwa kukohoa, lakini injini ya kisasa ya petroli, yenye vipulizio vyembamba na vidude vya umeme, haina uvumilivu huo.

Miaka ile basi ilichagua. Gari la fahari lililohitaji spea halisi kutoka Ulaya lilisimama. Lile ambalo gasketi yake iliweza kukatwa kwa mkasi, na bushi yake kuchongwa kwa mpira wa tairi kuukuu, likaendelea kutembea. Wajuzi wa kazi hizo wamejaa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambako gereji zimepangana barabarani. Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake jinsi lugha inavyoazima maneno hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Fundi wa Dar es Salaam husema breki, plagi na klachi. Mwenzake wa Buyenzi husema feri, buji na ambreyaji, kwa kuwa alijifunza kutoka kwa mwajiri aliyesema Kifaransa. Sarufi inayoyabeba maneno hayo ni ile ile, na wakikutana juu ya injini moja huelewana bila mkalimani.

Mwambao una jambo jingine linalolisaidia gari kuukuu, nalo ni umbo la ardhi. Barabara ya Bujumbura kuelekea Gitega hupanda kutoka ziwani, mita zipatazo 770 juu ya bahari, hadi vilele vinavyopita mita 2,000. Huko gari zito lenye gia za otomatiki huchemsha, na silinda hedi hupinda. Barabara ya Magara na Rumonge hufuata maji, hivyo haina mpando wa namna hiyo. Mfanyabiashara wa mawese wa Rumonge anaweza kuliendesha Benzi la dizeli lenye rejeta dhaifu miaka mingi bila kuugundua ugonjwa wake. Ugunduzi huja siku atakapoalikwa harusini Muramvya.

Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye busara halijaribu gari bondeni. Hulifika asubuhi kabla halijawashwa, maana injini yenye moto huficha mengi. Hufungua mfuniko wa oili. Akikuta ute mweupe kama maziwa, ajue maji yameingia kwenye oili. Huliwasha, akatazama nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, moshi mweupe usiokoma ni maji, na moshi mweusi wa dizeli ni pampu au vipulizio. Hunusa oili ya gia: ikinuka kuungua, amrudishie mwenyewe funguo kwa adabu. Hulala chini, akagonga sakafu ya gari kwa kidole, kwani kutu husikika kabla ya kuonekana. Hayo yote hayana gharama. Baada ya hapo ndipo apige hesabu. Kwenda Rumonge na kurudi Bujumbura ni kilomita kama 150. 240D hutaka lita 8 hadi 10 kwa kila kilomita 100, ilhali sedani kubwa ya petroli yenye silinda nane hutaka 14 au zaidi. Muuzaji atamwambia kuwa gari lilikuwa la balozi. Hata kama ni kweli, balozi hakuwa akilipia mafuta yake.

Serikali zenyewe zimefika kwenye hesabu hiyo. Baada ya bei ya mafuta kupanda kwa kishindo mwaka 1973, Tanzania ilipata kuyazuia magari binafsi kutembea Jumapili alasiri. Kenya mwaka 2009 iliwaagiza mawaziri wake warudishe magari makubwa, wapande ya injini isiyozidi sisi 1,800. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15. Burundi, ambayo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ilipatwa na uhaba mkubwa wa mafuta katika miaka ya 2020. Mwaka 2024 watu walilala katika foleni za vituo vya mafuta, na wengine wakavuka mpaka hadi Uvira kuyatafuta. Mwaka huo huo ziwa lilifurika, na maji yakala sehemu za mwambao wa Rumonge. Sedani iliyo chini chini, iliyoundwa kwa ajili ya lami ya Ujerumani, haikuwa na raha katika maji hayo.

Nafasi ya Benzi kuukuu imekwisha kuchukuliwa kwa sehemu kubwa na magari yaliyotumika Japani, yanayoshushwa Dar es Salaam. Aliyetaka fahari ya Ujerumani sasa hununua Toyota Crown au Mark II, na spea yake huipata Kariakoo. Lakini Japani hushika kushoto, na Burundi, kama tulivyosema, hushika kulia. Hivyo dereva wa Crown akifuata lori la mawese karibu na Magara huwa amekaa upande wa ziwa au wa vichaka, wala haoni kinachokuja mbele. Anayeona ni abiria aliyekaa mbele kushoto. Mbenzi wa mwaka 1965 alikaa kiti cha nyuma akisoma gazeti lake, abiria huyu hunyoosha shingo dirishani, akamwambia dereva, “Ngoja kidogo, kuna basi,” kisha, “Haya, pita.”