Harusi za Ziwani na Jicho la Mpiga Picha

Aghalabu tufunguapo albamu za wazee wetu, harusi tunayoiona ni ya watu wawili waliosimama wima kama nguzo, wala hawacheki. Haikuwa huzuni. Katika studio za Unguja za karne ya 19, kama ile ya A. C. Gomes, bamba la kioo lilimtaka mtu atulie. Hata Ranchhod Oza alipoanzisha Capital Art Studio mwaka 1930, zama za filamu nazo zilikuwa na hesabu yake: picha 12 kwa mkanda mpana, 36 kwa mkanda mwembamba. Mwenye kuhesabu mkanda hakuthubutu kumpiga shangazi amenyaye ndizi.

Desturi hiyo ya kupanga watu haikuishia pwani. Mwanza, mji ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1892 na kufikiwa na reli mwaka 1928, maharusi hadi leo hupelekwa ufukweni wakapigwa picha, mawe makubwa ya ziwa yakiwa nyuma yao. Ni picha nzuri. Lakini harusi yenyewe haiko kwenye mawe peke yake. Iko bandarini, wageni wa Ukerewe washukapo melini na mizigo yao. Iko uani, sato wakikaangwa na wanawake waliojifunga khanga. Iko barazani, wazee wakikamilisha hesabu ya ng'ombe wa mahari.

Mpiga picha wa mtindo mpya, asiyempanga mtu wala kumwamrisha, huyafuata hayo. Hufika mapema, hunywa chai na wenyeji, hukaa mpaka asahaulike. Kamera ya dijitali imemwondolea hesabu ya mkanda; iliyobaki ni subira.

Kazi hiyo ilikwisha fanywa ziwani kwa kalamu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika, kwa Kikerewe, habari za Myombekere na mkewe Bugonoka. Humo aliweka kilimo, uvuvi, tiba na adabu za ukweni, mambo ambayo waliyoyaishi hawakuyaona kuwa historia. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Lau angaliandika habari za wakubwa tu, leo tungalikuwa na majina ya watemi bila ya kujua raia wao waliishije.

Hata hivyo, sisi wa pwani tuna neno la kuongeza, nalo ni stara. Shughuli ya wanawake ina mlango wake, na si kila kamera hupita. Picha isiyopangwa isiwe picha ya wizi. Asiyetaka kuonekana aachwe, na penye faragha ya kike apelekwe mpiga picha mwanamke, kwa idhini ya wenye shughuli.

Liko na jambo la pili. Picha za studio zilichapwa karatasini, na nyingi zimetufikia. Za leo hulala ndani ya simu, na simu ikiharibika huzama nayo. Baada ya miaka 50 mjukuu atamwona mwanamke aliyeinamia sufuria asijue kuwa ndiye aliyemlea bibi yake. Basi zichapwe walau chache, na nyuma ya kila moja iandikwe: ni nani, wapi, na mwaka gani.