Barabara kwanza au nyumba kwanza?

Nilipotea kidogo kwa ajili ya testi, si mnajua mambo ya chuo. Leo nimerudi na ubishi wa chumbani kwetu.

Wiki iliyopita usiku, jirani wa shangazi yangu kule Manzese alishikwa na uchungu. Bajaji ikashindwa kufika mlangoni. Vijana wakambeba kwenye kiti cha plastiki, kichochoro baada ya kichochoro, mpaka Barabara ya Morogoro. Alijifungua salama, alhamdulillahi. Nilipowasimulia wenzangu, jamaa mmoja akadakia: "Tatizo ni sisi wenyewe, tunajenga hovyo hovyo. Wenzetu New York mitaa imenyooka kama rula." Kauli ile ilinikera, kesho yake nikatinga maktaba.

Kuhusu New York hakukosea. Mwaka 1811 ilitolewa ramani ya kisiwa cha Manhattan yenye barabara kubwa 12 na mitaa 155 ya kuzikata. Jiji zima lilikuwa na watu kama 100,000 hivi, wamejazana ncha ya kusini. Kwingine kote ni mashamba na vilima. Barabara ilitangulia, nyumba ikafuata. Sio kwamba wote waliishi raha. Wahamiaji maskini walibanana kwenye vyumba vya giza humo humo mjini. Lakini njia ilikuwepo, na pesa ilipopatikana, bomba na mtaro vilikuwa na pa kupita.

Dar je? Hapo ndipo jamaa alipochemsha. Mji huu ulioanzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860 haukukosa mipango hata kidogo! Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi mwaka 1891, wakagawa mji kwa aina ya nyumba. Waingereza waliuteka mwaka 1916, nao baadaye wakaweka kanda tatu: ya nyumba za kizungu, ya maduka na makazi, na ya vibanda. Kanuni zilitaja nyumba, sio rangi ya mtu, lakini kila mtu alijua maana yake. Wenyeji wakazipa majina yake halisi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi katikati, kutenganisha Uhindini na Kariakoo.

Sasa cheki Kariakoo. Jina limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Mitaa yake imenyooka kama rula! Kumbe kunyooka kwa mitaa peke yake sio utajiri. Swali ni mpango ulichorwa kwa ajili ya nani, na watu wangapi. Mkoloni alimhesabu Mwafrika kama kibarua wa kupita, atakayerudi kwao kijijini. Hakumwekea nafasi ya kuzaa na kuzeeka mjini.

Baada ya uhuru watu wakaja, tena kwa wingi. Sensa ya 1967 ilikuta Dar ina watu wasiofika 300,000. Ya 2022 imekuta 5,383,728. Ramani kuu zilichorwa mwaka 1968 na 1979, lakini viwanja vilivyopimwa havikuwakimbilia watu kwa kasi hiyo. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza na Kijitonyama, na Manzese ikapelekewa barabara na maji badala ya kubomolewa. Ilisaidia, ila vichochoro vya ndani vilibaki.

Shangazi hakukataa kiwanja kilichopimwa. Hakikuwepo cha kumfikia. Alinunua kipande kwa mtu, mjumbe akawa shahidi, akajenga chumba kimoja kimoja.

Nilipomweleza jamaa yote haya akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sawa, lakini hata mnapouziana wenyewe, si mnaweza kuachiana njia?"

Hapo nikakosa jibu, maana uzio wa shangazi nao umesogea kwenye kichochoro. Ila huko pembezoni mji unakokwenda sasa, bado kuna mashamba. Kuchora njia kwenye shamba ni rahisi kuliko kubomoa nyumba ya mtu.

Mnasemaje wadau? Ngoja niwahi foleni ya msosi. Naomba kuwasilisha.