Mto Usio na Safu Daftarini: Mfongo, Mpunga na Haki ya Maji Mabogini

Mabogini ipo kusini tu mwa mji wa Moshi, pale mteremko wa Kilimanjaro unapokwisha na tambarare kuanza. Nilishuka huko kwa mara ya kwanza nikiwa na daftari na nadharia. Nadharia yenyewe ilikuwa hii: kwamba madai ya haki za mazingira ni jambo jipya kwetu, lililokuja na mikutano ya kimataifa na fedha za wafadhili. Mzee mmoja mkulima alinisikiliza kwa adabu, akanipeleka kwenye jaruba lake lililopasuka kwa ukame, kisha akaniuliza kama chuoni tunafundisha pia namna ya kumwomba jirani wa juu afunge mfereji wake. Sikuwa na jibu. Haya ninayoandika ni jaribio la kumjibu mzee yule, ingawa nimechelewa.

Tuanzie juu. Muda mrefu kabla Johannes Rebmann hajaiona theluji ya Kibo mwaka 1848, Wachagga walikuwa wakiyatoa maji katika makorongo ya msituni na kuyaongoza kwa mifongo, mifereji iliyopita migongoni mwa vilima hadi kwenye vihamba vya migomba. Mfongo ulikuwa kazi ya uhandisi, lakini zaidi ya hapo ulikuwa taasisi. Ukoo uliouchimba ndio uliokuwa na kauli juu yake. Aliyekuja baadaye aliomba, akaleta mbege, akashiriki kusafisha mfereji, naye akapewa zamu. Asiyefika kazini alitozwa faini au alifungiwa maji. Pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni palitolewa sadaka, kwa sababu maji hayakuhesabiwa kuwa mali ya mtu. Kilichomilikiwa ni jasho la kuyafikisha shambani.

Nisieleweke vibaya. Wapo wenzetu wanaoisimulia mifongo kana kwamba ilikuwa bustani ya Edeni. Wanawake, ambao ndio waliobeba maji na kumwagilia migomba, hawakuwa na sauti katika uongozi wake, na ukoo wenye mfongo uliweza kumnyanyasa mgeni. Hata hivyo kanuni moja ya msingi ilikuwapo: maji hupokewa kwa masharti, na sharti la kwanza ni kumkumbuka aliye chini yako.

Wakoloni waliistaajabia mifongo, kisha wakaiogopa. Mashamba makubwa ya tambarare, yakiwamo ya miwa ya TPC huko Arusha Chini yaliyoanzishwa miaka ya 1930, yalihitaji maji yaleyale. Baadaye ukaja umeme wa Mto Pangani: Hale, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, yote katika miaka ya 1960. Kila mradi wa chini ulipojengwa, mkulima wa juu aliongezewa sifa ya ufujaji. Jambo hili halikukoma na uhuru. Sheria ya maji ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote mikononi mwa Jamhuri na kumtaka mtumiaji awe na kibali. Mfongo wenye umri wa karne nzima ukajikuta siku moja hauna karatasi.

Watu wa eneo hili hawakuwa wageni wa kujipanga. Wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925, na KNCU iliandikishwa mwaka 1933. Jirani zao Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, Kirilo Japhet alilipeleka shauri lao hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini Tanganyika nzima ilijifunza kwamba mwanakijiji anaweza kuishtaki serikali mbele ya dunia.

Sasa turudi Mabogini. Kati ya mwaka 1984 na 1987, kwa mkopo wa Japani, ilijengwa skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini: takribani hekta 2,300, ambapo hekta 1,100 zilikuwa za mpunga, kwa maji ya Mto Rau na chemchemi za Njoro. Mavuno yalipanda hadi tani sita na zaidi kwa hekta. Mafanikio hayo ndiyo yaliyoleta matatizo. Wakulima wa juu ya mabanio walitazama, wakajifunza, nao wakalima mpunga. Maji yakapungua kabla ya kufika kwenye lango la skimu, na majaruba yaliyojengwa kwa fedha nyingi yakakaa makavu.

Nani alikuwa mwizi hapo? Wakati mmoja niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba ni watu wa juu. Leo naona nilikosea. Skimu ilikuwa na kibali. Watu wa juu walikuwa na desturi na njaa ileile. Waliokosea zaidi ni waliochora ramani kana kwamba mto unaanzia kwenye banio. Wakulima wa skimu walikuwa na ushirika wao, CHAWAMPU, lakini chama kinachoishia kwenye mpaka wa mradi hakina kauli juu ya jirani aliye nje ya mpaka huo.

Kuanzia miaka ya 1990 Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ilianza kudai ada za matumizi ya maji. Wenye mifongo wengi walikataa kulipa. Maji ni ya Mungu, walisema, na mfereji tuliuchimba wenyewe. Serikali inauza nini? Maofisa waliita ukaidi. Mimi nauita mjadala wa kikatiba uliofanyikia kando ya mfereji.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilisogea mbele. Inatambua jumuiya za watumia maji, na inataka sehemu ya maji ibaki mtoni kwa ajili ya mazingira. Ekwado iliandika haki za maumbile katika katiba yake ya mwaka 2008, na Uganda ikazitaja katika sheria yake ya mazingira ya mwaka 2019. Sisi hatujafika huko, na sina hakika kwamba kuandika tu kunatosha: haki isiyo na msemaji hulala kabatini.

Dunia, kwa upande wake, inalilia theluji. Ni kweli kwamba barafu ya Kibo ilikuwa na takribani kilometa za mraba 12 mwaka 1912 na kwamba mwaka 2000 ilibaki chini ya tatu. Lakini mito ya Mabogini hailishwi hasa na barafu. Inalishwa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Msitu huo uliunganishwa na hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mama aliyezoea kukata majani ya ng'ombe ukingoni mwake sasa hutazamwa kama mhalifu, ilhali viwanda vilivyoipasha joto anga viko mbali, na havina askari anayevifukuza. Tukisema haki ya tabianchi bila kumtaja mama huyo, tunasema nini?

Mara ya mwisho nilihudhuria kikao cha kupanga zamu za maji. Katibu, mwanamke wa makamo, alikuwa na daftari la mistari alilolichora safu kwa rula: jina, eneo la shamba, siku, saa. Walibishana kwa saa mbili, kwa ukali lakini bila matusi. Mwishoni niliomba kuuliza ni kiasi gani kinaachwa kwa ajili ya mto wenyewe. Wajumbe walitazamana. Katibu alifunua kurasa, akaniambia kwamba daftari halina safu hiyo.