Programu huria ikigoma kuundwa kwa mashine nyingine

Kijana anayetaka Raspberry Pi iendeshe ubao wa nyakati za swala msikitini huona upesi kuwa kuunda programu kubwa ndani ya kidude kile huchukua saa nyingi. Njia nyepesi ni kuiunda kwenye laptopu, kisha kuihamisha. Lakini usanidi ukikosewa, kazi hukwama kabla ya kuanza.

Laptopu nyingi zina prosesa ya x86-64, ilhali Pi hutumia ARM. Kwenye Ubuntu au Debian, ikiwa Pi yako ina mfumo wa biti 64, weka pakiti ya gcc-aarch64-linux-gnu, kisha andika:

./configure --host=aarch64-linux-gnu

Wengi huteleza hapa. Kwa zana za GNU, --build ni mashine unayofanyia kazi, na --host ni ile itakayoendesha programu. Majina hayo yanachanganya na sioni haja ya kuyatetea. --target iache, ni ya wanaounda kompaila. Ukitaja kompaila kwa CC peke yake bila --host, configure itajaribu kuendesha programu ya ARM papo hapo kwenye laptopu, ishindwe, ilalamike “cannot run C compiled programs”.

Kosa likitokea, usikimbilie kubandika amri za watu usiowajua. Fungua config.log, tafuta maneno ya kosa, usome mistari iliyo juu yake. Usianzie mwisho wa faili, kule kumejaa orodha ya vigeu tu.

Ukiona “skipping incompatible”, kiunganishi kimeokota maktaba za laptopu badala ya za Pi. Mara nyingi mkosaji ni pkg-config. Elekeza PKG_CONFIG_LIBDIR kwenye maktaba za ARM. PKG_CONFIG_PATH haitoshi, kwani huongeza njia bila kufuta zile za zamani. Miradi ya zamani nayo huleta “undefined reference to rpl_malloc”. Hiyo ni kwa sababu configure haikuweza kuendesha jaribio, ikakisia vibaya. Ipe jibu mwenyewe: weka ac_cv_func_malloc_0_nonnull=yes mbele ya amri. Kabla ya kila jaribio jipya, make distclean.

La hatari zaidi ni sudo make install. Ukiwa umeweka --prefix=/usr, faili za ARM zinaweza kufunika za laptopu yako, na huenda isiwake tena. Tumia make install DESTDIR=$HOME/pi, wala sudo huihitaji.

Kabla ya kuhamisha, kagua kwa amri ya file: isome ARM aarch64. Ikisoma x86-64, Pi itakujibu “Exec format error”. Na Pi ikidai “GLIBC_2.34 not found” au namba nyingine, laptopu yako ina mfumo mpya kuliko wake. Nakili /lib na /usr kutoka kwenye Pi, uielekeze kompaila huko kwa --sysroot, uunde upya.