Jaa la Kiteezi: Historia ya Amri za Taka Mjini Kampala



Mnamo tarehe 10 Agosti, 2024, baada ya mvua kubwa kunyesha, mlima wa takataka uliporomoka huko Kiteezi, kaskazini ya jiji la Kampala, ukazifunika nyumba pamoja na watu waliokuwamo. Askari wa polisi, wanajeshi na watu wa Msalaba Mwekundu walichimbua kwa siku kadhaa, na wakatoa maiti zaidi ya 30, zikiwamo za watoto. Kilichowaua watu hao ni maganda ya matoke, mifuko ya plastiki na masalio ya vyakula, vitu vilivyotoka katika majiko ya jiji zima na kurundikwa mahali pamoja kwa muda wa miaka 28.

Mtu aliye mbali aweza kudhani kwamba maafa hayo yalitokea kwa sababu Uganda haikuwa na sheria za usafi. Dhana hiyo si sahihi. Kampala imekuwa na amri za taka tangu enzi za ukoloni, na baadhi yake ni kali. Hapana budi kuitazama historia ya amri hizo ili kuona zilimwamuru nani, na zilimsahau nani.

Kabla ya wageni kuitawala Buganda, suala la taka lilimalizika nyumbani. Chakula kikuu kilikuwa matoke, na maganda yake yalirudishwa shambani chini ya migomba yakawa mbolea, au yakalishwa mbuzi. Hata Kibuga, yaani mji mkuu wa Kabaka, ulikuwa mji wa nyumba zilizozungukwa na mashamba. Kazi za wote, kama vile kulima barabara na kusafisha visima, zilifanywa kwa utaratibu wa pamoja ulioitwa bulungi bwansi, maana yake kazi kwa manufaa ya nchi. Jaa la mji halikuhitajika, kwa kuwa karibu kila kilichotupwa kilioza na kurudi katika ardhi.

Utawala wa Kiingereza ulileta mji wa namna nyingine, na pamoja nao hofu ya tauni. Mwaka 1913 Serikali ya Uingereza ilimtuma Profesa W. J. Simpson kuchunguza hali ya afya katika Kenya ya leo, Uganda na Zanzibar. Miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwamo lile la kutenganisha makazi ya Wazungu, Waasia na Waafrika. Hivyo usafi, ambao ni jambo jema kwa kila binadamu, ukafanywa hoja ya kuwagawa watu. Vilima vya Nakasero na Kololo vilipata mabwana afya na huduma za manispaa. Kibuga, kilichokuwa chini ya serikali ya Mengo, kilibaki upande wa pili wa mpaka. Sheria ya Afya ya Jamii iliyoanza kutumika mwaka 1935 ilimpa ofisa uwezo wa kumwamuru mwenye nyumba aondoe uchafu unaohatarisha afya, na kumpeleka mahakamani akikaidi. Mwenye nyumba aliambiwa aondoe. Apeleke wapi, hilo lilitegemea kilima alichokaa.

Uganda ilipata uhuru mwaka 1962, na mwaka 1968 mipaka ya jiji ilipanuliwa ikaimeza Mengo na vitongoji vilivyolizunguka jiji. Kwa mara ya kwanza Halmashauri moja ilibeba wajibu wa pande zote mbili. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilikuta wakazi 330,700. Lakini kabla mzigo huo haujazoeleka, mwaka 1971 Idi Amin aliipindua serikali, na miaka minane iliyofuata ilidhoofisha kila ofisi ya umma. Majeshi ya Tanzania na ya wapigania ukombozi wa Uganda yalipoingia Kampala mwezi Aprili, 1979, yaliukuta mji ambao huduma zake zilikuwa zimeanguka. Katika miaka iliyofuata marundo ya taka yalikuwa sehemu ya sura ya mji, na korongo wakubwa wenye vipara walijenga viota katika miti ya barabarani kwa sababu chakula chao kilikuwa kimetapakaa chini.

Amani iliporejea, watu waliongezeka upesi. Mwaka 1991 Kampala ilihesabiwa kuwa na wakazi 774,241. Mwaka 1996, kwa fedha zilizotokana na msaada wa Benki ya Dunia, jaa la Kiteezi lilifunguliwa. Halikukusudiwa kuwa shimo la kutupia ovyo. Taka zilitakiwa kushindiliwa, kufukiwa kwa udongo tabaka baada ya tabaka, na maji machafu yanayotiririka kutoka ndani yake kukusanywa na kusafishwa. Mwaka 2000 Halmashauri ya Jiji ikapitisha sheria ndogo ya taka ngumu. Kila mwenye nyumba au mpangaji alitakiwa kuweka taka zake katika chombo kinachofaa hadi zichukuliwe, na ilikuwa kosa kuzitupa barabarani, katika mitaro au mahali pa wazi. Kwa maandishi, amri hiyo haikuwa na upungufu mkubwa.

Upungufu ulikuwa katika safari ya taka baada ya kutoka mlangoni. Mitaa yenye watu wenye uwezo ililipia magari ya makampuni binafsi, na ikawa safi. Mitaa ya mabondeni, ambako njia ni nyembamba na kipato ni cha kubahatisha, gari lilipita kwa nadra au halikupita kabisa. Mama mwenye mfuko wa maganda yaliyokwisha kuoza, na watoto chumbani, hangeweza kukaa nao wiki mbili kwa kuheshimu sheria ndogo. Mvua iliponyesha, mfuko ulikwenda mtaroni. Mitaro iliziba, mabonde yakafurika, na uchafu ukateremka kwa mfereji wa Nakivubo hadi ghuba ya Ziwa Victoria ambamo Kampala huchota maji yake ya kunywa. Ziwa hilo ndilo la Bukoba, Musoma na Mwanza pia.

Zile taka zilizochukuliwa kwa utaratibu zilikwenda Kiteezi. Hesabu ya mwaka 2014 ilikuta wakazi 1,507,080, karibu mara mbili ya wale wa 1991, lakini jaa lilikuwa lilelile. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni mabaki ya vyakula na majani, yenye maji mengi. Yanapooza ndani ya rundo hutoa gesi inayoweza kuwaka, na hulainisha rundo lenyewe. Rundo likipanda juu bila kushindiliwa vema na bila njia ya kutolea maji, miteremko yake huwa mikali kuliko inavyoweza kujishikilia. Mvua moja kubwa yatosha kuiangusha. Wakati huohuo watu walijenga karibu na jaa, na mamia walipata riziki kwa kuokota vyuma na plastiki juu yake.

Hatari hiyo ilijulikana. Mamlaka ya Jiji la Kampala, iliyochukua nafasi ya Halmashauri mwaka 2011, ilikuwa imekwisha kupata ardhi ya jaa jipya huko Ddundu, katika Wilaya ya Mukono, lakini mwaka 2024 ulifika magari yangali yakipanda Kiteezi. Mnamo Januari mwaka huo Meya wa Jiji, Bwana Erias Lukwago, alionya hadharani juu ya hatari iliyowakabili wakazi wa jirani na wanaofanya kazi pale. Miezi saba baadaye mlima ukaanguka. Mwezi Septemba Rais Museveni alimwachisha kazi mkurugenzi mtendaji wa Mamlaka, pamoja na naibu wake na mkurugenzi wa afya. Hatua hiyo ilionyesha kwamba wajibu haukuishia kwa mwenye nyumba. Lakini ilikuja baada ya mazishi.

Uganda haiko peke yake. Huko Kenya, jaa la Dandora lililofunguliwa katika miaka ya 1970 lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na taka za Nairobi ziliendelea kupelekwa papo hapo miaka mingi baadaye. Hapa nchini, wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na uvundo wa jaa, na Mahakama Kuu ikaamuru taka zisitupwe tena pale. Halmashauri ilipohamia Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Hukumu hizo zilithibitisha haki ya mwananchi ya kuishi bila kuvuta sumu. Zilionyesha pia kwamba kulihamisha jaa kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa mwingine si kulitatua.

Historia hii yawahusu sana walinzi wa usalama. Askari ndiye anayeitwa amkamate anayetupa taka mtaroni usiku, na ndiye anayeitwa na sepetu siku mlima unapoanguka. Katika kazi ya kwanza, atatenda haki zaidi akiuliza kwanza kama gari la taka lilipita katika mtaa ule, na lini. Faini bila gari humfundisha mwananchi kutupa taka zake gizani zaidi. Na taarifa ya askari wa zamu kwamba rundo fulani limeegemea nyumba za watu ina thamani kubwa kuliko majembe mia ya uokoaji, mradi imwendee mwenye uwezo wa kuamua, na mwenye uwezo huyo aamue.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Kiteezi ulionekana kwa macho miaka mingi, nao ulikuwa katika sehemu ya pili ya amri, ile inayomhusu mpokeaji wa taka. Sehemu ya kwanza yamtaka mwenye nyumba afunge taka zake na kuzitoa siku iliyopangwa. Sehemu ya pili yawataka wenye mamlaka wazichukue siku hiyohiyo, katika mitaa yote, na kuzipeleka mahali ambapo hazitamrudia mtu yeyote, si kwa moshi, si kwa maji ya kunywa, wala kwa kumfunika usingizini. Mji unaotekeleza sehemu ya kwanza peke yake huendelea kuongeza rundo, na walio chini ya rundo hilo ni raia wake wenyewe.